Mteja aliniuliza swali moja kuhusu vidonge vya mifupa, nikakosa jibu

Leo sileti mbinu ya kupiga picha za bidhaa, naleta yaliyonikuta.

Nauza nguo mtandaoni, nipo Gwata. Mzigo natoa Kariakoo, unashushwa Mlandizi, bodaboda ananiletea. Nikaona wenzangu wanasukuma sana vidonge vya kalsiamu, nami nikanunua chupa 20, elfu tisa kila moja. Laki na themanini hiyo! Nikaposti: "Mifupa imara, bei poa."

Siku hiyohiyo dada wa miaka 23 akaja inboksi: "Dada, mama kateleza bafuni kavunjika nyonga. Hivi vidonge vitanikinga na mimi?" Nikaandika "ndiyo kipenzi". Kabla sijatuma nikafuta. Kwani mimi najua? Nimeishia kidato cha nne, na biolojia nilipata F.

Nikamfuata nesi mmoja, mteja wangu wa madera. Akaniambia mfupa ni kama kibubu. Unaweka ukiwa binti mpaka kwenye miaka 30 hivi, baadaye unaanza kutoa kidogokidogo. Hedhi ikikoma ukubwani, mwanamke anatoa kwa kasi, kwa sababu homoni iliyokuwa inalinda mfupa imeshuka. Kibubu kikiwa chepesi ndiyo ugonjwa unaoitwa osteoporosisi. Wenyewe hauumi. Wengi wanajua siku wameanguka kidogo tu wakavunjika kifundo cha mkono au nyonga. Tunauita wa mabibi, kumbe kibubu kinajazwa umri wetu huu.

Akaniuliza nakula nini. Aibu! Chai ya rangi na andazi saa tano, soda mchana, chipsi usiku. Kutwa nipo ndani napaki oda. Tena nilikuwa najinyima kula ili gauni likae vizuri nikiwa laivu, mpaka hedhi ikaanza kuruka miezi. Hapo akaguna. Akasema mwili ukikosa chakula hadi hedhi ikate, mfupa nao unaliwa, hata ukiwa na miaka 24. Akaniandikia nikapime.

Mtu mzima wa umri wetu anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kinakupa kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wanayo nyingi, na kila genge wapo. Mchicha nilidhani ndiyo wenyewe, kumbe kalsiamu yake mwili hauifaidi sana. Halafu jua, linasaidia mwili kutengeneza vitamini D, na kutembea au kuruka kamba, maana mfupa ukibebeshwa uzito unakaza. Vidonge vina watu wake, wasiopata ya kutosha kwenye chakula, ila kwa ushauri. Ukizidisha vinaweza kukuletea mawe kwenye figo.

Nikarudi kukagua chupa zangu. Hazioneshi hata zimetengenezwa wapi. Nikamuuliza aliyeniuzia kama zimesajiliwa, akanibloku. Ningeuliza kabla ya kulipa!

Yule dada nikamjibu ukweli: sikuuzii. Kula, tembea, na kwa kuwa mama kavunjika nyonga, mwambie daktari, maana hilo linarithika kiasi. Akashukuru, akaagiza dera.

Chupa 20 bado zipo chini ya kitanda. Mdogo wangu anasema nizitoe hata kwa elfu tano nirudishe mtaji. Nimekataa.