Ubao wa Nyuma: Nusu ya Spika Isiyouzwa Dukani

Katika gari dogo lenye buti iliyotengwa na chumba cha abiria, pale kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na kioo cha nyuma, hulala ubao mpana ambao kiwandani huwekwa kwa kazi mbili za kawaida, yaani kuficha kilichomo ndani ya buti na kupunguza kelele za barabara, lakini ambao mikononi mwa mafundi wa redio za magari umekuwa makao ya spika. Ubao huo, ambao hapa utaitwa ubao wa nyuma, hutazamwa na wenye magari wengi kama rafu ya kuegeshea spika, kana kwamba spika ndiyo inayofanya kazi yote na ubao ni kiti chake tu. Dhana hiyo imewapotezea watu fedha nyingi, kwa sababu spika isiyo na sanduku lake yenyewe huwa haijakamilika inapotoka dukani, na kinachoikamilisha ni ubao utakaotobolewa ili kuishika.

Njia inayowafikisha wenye magari wa Afrika Mashariki kwenye ubao huu huanzia mahali pasipotarajiwa, nayo ni masafa ya redio. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Kenya, Tanzania na Uganda yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo nayo huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na redio zilizokuja ndani yake zilitengenezwa kwa bendi ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali bendi ya FM ya Afrika Mashariki huendelea hadi megahezi 108. Redio ya namna hiyo hushika vituo vichache vya mwanzo wa bendi na kunyamaza kwa vingine vyote, hivyo mnunuzi hulazimika ama kufungiwa kifaa kidogo cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, ama kubadilisha redio nzima. Anayechagua kubadilisha redio huwa tayari amekaa mbele ya fundi, dashibodi imefunguliwa, na hapo ndipo spika nyepesi za karatasi zilizokuja na gari huanza kuonekana duni.

Ili kuelewa kwa nini ubao ni sehemu ya spika, yafaa kuanza na spika yenyewe. Ndani yake mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, iliyokaa katika uga wa sumaku. Umeme wa muziki unapopita, koili husukumwa mbele na kurudishwa nyuma, nayo huvuta koni iliyoshikamana nayo, na koni ndiyo inayoitikisa hewa. Kila koni inaposogea mbele, hewa iliyo mbele yake hubanwa na ile ya nyuma hulegezwa kwa wakati uleule, kwa hiyo spika moja hutoa mawimbi mawili yaliyo kinyume kabisa. Mawimbi hayo yakikutana hufutana. Sauti nyembamba hazidhuriki sana, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na huelekea mbele kama mwanga wa tochi, lakini sauti nene, yaani besi, ina mawimbi marefu mno: sauti ya hezi 50, ambayo hutikisika mara 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7 hewani, na wimbi la urefu huo huzunguka ukingo wa spika bila kizuizi na kwenda kulizima lile lililo upande wa pili. Yeyote anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuishika mkononi spika ya gari inayopiga muziki, ambapo itasikika ikilia kama redio ndogo ya betri, kisha kuikandamiza juu ya ubao uliokatwa tundu la ukubwa wake, ambapo besi hurejea papo hapo bila kuongezwa umeme wowote.

Kazi ya ubao wa nyuma, basi, ni kuwa ukuta kati ya hewa hizo mbili: mbele ya koni kuna chumba cha abiria, nyuma yake kuna buti. Wataalamu wa sauti huuita mpangilio huu ukuta usio na mwisho, wakiwa na maana kwamba nafasi iliyo nyuma ya spika ni kubwa kiasi kwamba hewa yake haiizuii koni kusogea. Buti ya gari la kiasi cha Toyota Corolla, yenye ujazo unaokaribia lita 400, inatosha kabisa kwa spika mbili za kawaida. Hata hivyo, si kila spika huupenda uhuru huo. Kutokana na kazi za Neville Thiele, aliyechapisha matokeo yake nchini Australia mwaka 1961, na za Richard Small aliyezikuza katika miaka ya 1970, watengenezaji hueleza tabia ya spika kwa vipimo vinavyobeba majina ya wawili hao, na kimojawapo, kinachoandikwa Qts, huonyesha jinsi koni inavyojizuia yenyewe isiyumbe kupita kiasi. Spika yenye Qts ya 0.6 na kuendelea hujizuia kidogo, hivyo hutoa besi nzuri ikiwa katika ukuta usio na mwisho, ilhali yenye 0.3 au 0.4 imekusudiwa sanduku, na ikiwekwa kwenye ubao wa nyuma besi yake huwa kavu. Karatasi yenye namba hizo hupatikana ndani ya maboksi mengi ya spika, na kwa kawaida hutupwa pamoja na boksi.

Spika iliyozoeleka zaidi kwenye ubao huu ni ya umbo la yai, ya inchi 6 kwa 9, yaani milimita 152 kwa 229, na umbo hilo halikuletwa na urembo. Ubao wa nyuma ni mrefu kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine, lakini ni mfupi kutoka kiti hadi kioo, kwa hiyo yai lililolazwa vizuri hutumia nafasi ambayo duara lingeiacha. Kwa hesabu ya haraka, yai la vipimo hivyo lina eneo la sentimita za mraba 274 hivi, na spika ya duara ya inchi 6.5 ina 214; tofauti hiyo ya zaidi ya robo ni hewa inayosukumwa bure, bila wati hata moja kuongezwa.

Ubao wa kiwandani hauwezi kazi hii. Aghalabu ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kuwa karatasi ngumu ya unene wa milimita chache na kufunikwa kitambaa, nao hutikisika pamoja na spika, na ubao unaotikisika huwa ni spika ya pili inayopiga wimbo wake wenyewe. Mbadala wake wa kwanza ni MDF, ambayo ni unga wa nyuzi za mbao uliogandishwa kwa gundi na kubanwa kwa joto. Haina mishipa, hukatika bila kupasuka, na uzito wake huuzima mtikisiko. Mbadala wa pili ni plaiwudi, yaani matabaka membamba ya mbao yaliyopandanishwa kwa kukingamana. Vitabu na mafundi wengi huisifu MDF peke yake, lakini sifa hizo ziliandikwa kwa nchi kavu. Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima na raba ya kioo cha nyuma ikizeeka huvujisha maji ya mvua, MDF hunyonya unyevu kupitia kingo zake zilizokatwa, huvimba, na skrubu hupoteza mshiko. Kwa gari la pwani plaiwudi ya majini, ile inayotumiwa na waunda mashua, ni chaguo bora zaidi japo ni ghali, na anayeshikilia MDF hana budi kuzipaka kingo zote, pamoja na kingo za matundu, rangi au vanishi tabaka mbili au tatu.

Unene nao una hesabu yake. Ugumu wa ubao dhidi ya kupindika huongezeka kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo ubao wa milimita 18 si mgumu mara moja na nusu kuliko wa milimita 12, bali zaidi ya mara tatu. Penye nafasi, milimita 18 ndiyo kipimo cha kufuata. Penye ufinyu, milimita 12 hufaa iwapo itaongezwa mbavu za mbao upande wa chini.

Kabla ya msumeno hutangulia boksi. Fundi mwangalifu hulitandaza boksi kavu mahali pa ubao, hulikata kidogo kidogo hadi likae bila kusukumwa, kisha hulihamishia umbo lake kwenye mbao, akipunguza milimita 3 hivi kila upande kwa ajili ya kitambaa kitakachokunjwa kingoni. Wapo wanaokata nusu moja na kuigeuza ili kupata nusu ya pili, na njia hiyo huokoa muda, isipokuwa kwamba gari lililowahi kugongwa ubavuni na kunyooshwa halina tena nusu mbili zinazolingana. Katika hatua hii ndipo hutazamwa yote yanayopita jirani: taa ya breki ya tatu, mikanda ya usalama ambayo katika baadhi ya magari hutokea kwenye ubao wenyewe, ndoana za kufungia kiti cha mtoto, na fito za springi zinazoinua kifuniko cha buti, ambazo hupita chini kabisa ya mahali sumaku ya spika inapoteremkia. Spika yenye kina cha sentimita 9 iliyofungwa bila kupima hugundulika siku buti inapokataa kufungika.

Chini ya ubao wa kiwandani mara nyingi kuna bati la chuma lenye matundu. Matundu hayo yatumike kama yalivyo, au ubao ukalie juu yake na spika zipangwe kuyafuata, kwa maana bati hilo limeunganisha ubavu wa kushoto na wa kulia wa gari na ni sehemu ya uimara wa bodi. Kulikata kwa mashine ili kupata nafasi ya spika kubwa ni kulidhoofisha gari kwa ajili ya muziki. Tundu katika ubao mnene linapaswa pia kuchongwa mshazari kwa upande wa chini, kwani bila hivyo mgongo wa koni hupumulia ndani ya mfereji mfupi na sauti za kati hufifia.

Baada ya kukata huja kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuziba. Ukuta wenye nyufa si ukuta, na wimbi la nyuma hupenya popote hewa ipenyapo: chini ya fremu ya spika isiyo na sponji, kwenye matundu madogo ya bati, na zaidi ya yote nyuma ya mgongo wa kiti, ambao katika magari mengi umetenganishwa na buti kwa kadi nyembamba au kwa sponji ya kiti peke yake. Mwenye gari anayelalamika kuwa spika zake mpya hazina besi angefaidika zaidi kwa kipande cha plaiwudi nyuma ya kiti na sponji pembezoni kuliko kwa amplifaya. Kifuniko cha buti na kibao cha namba navyo hutafuta nafasi ya kuimba, na vipande vya shuka ya lami vikibandikwa kwa ndani huvinyamazisha.

Ubao wa urefu wa sentimita 120 na upana wa 40, ukiwa wa MDF ya milimita 18, una uzito wa kilo 6 hivi, na pamoja na spika mbili hukaribia kilo 10. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimamishwa na mgongano ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mzigo huo hutaka kuendelea mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140, na kilicho mbele yake ni visogo vya abiria. Kwa sababu hiyo gundi haitoshi, na skrubu za mbao zilizopigwa kwenye plastiki hazitoshi pia. Zinahitajika bolti zinazopenya hadi kwenye chuma, zikiwa na washa pana na nati zisizolegea, angalau nne.

Kuhusu kitambaa kuna machache ya kusema. Kapeti nyembamba ya rangi iliyoiva hustahimili jua kuliko ngozi ya bandia, ambayo chini ya kioo cha nyuma hukunjamana na kubanduka, na rangi hiyo haiakisi kwenye kioo anachokitazama dereva. Koni za karatasi nazo huliwa na jua, hivyo za plastiki aina ya polipropilini ndizo za kuchagua, zikifunikwa wavu wa rangi ya kapeti ili zisiwaite wezi.

Katika kuunganisha waya, makosa makuu ni mawili. La kwanza ni kugeuza chanya na hasi kwenye spika moja, jambo linalofanya koni moja isogee mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi ikafutika ndani ya gari kwa sababu ileile iliyoelezwa hapo juu. La pili ni kuamini maandishi ya boksi: redio inayojitangaza kuwa na wati 50 kwa kila spika hupata umeme wa volti 14 na ushei kutoka kwenye gari, na kwa spika ya omu 4 kiasi hicho cha umeme hakiwezi kutoa wati zaidi ya 25 au 26 za kudumu, hata chombo kiwe bora namna gani.

Hayo yote hayahusu magari yasiyo na buti iliyotengwa, kama Toyota Vitz au Mazda Demio, ambayo ubao wake wa nyuma huning'inia kwa kamba mbili na kuinuka pamoja na mlango. Huo hautenganishi hewa yoyote, na kuubebesha spika nzito ni kosa la ufundi na la usalama pia. Gari la aina hiyo lifungiwe spika milangoni, na besi itafutwe kwenye sanduku la sabufa. Hata kwenye magari yenye buti, ubao wa nyuma haupaswi kuwa chanzo kikuu cha muziki, kwani msikilizaji hukaa akitazama mbele na sauti ya mwimbaji ikitokea kisogoni huchosha. Spika za mbele zibebe maneno, za nyuma zibebe uzito, na sauti yake ipunguzwe pale abiria wanapoketi nyuma, ambapo masikio yao huwa kiasi cha shubiri mbili tu kutoka kwenye koni. Kwa vigezo vya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na ya desibeli 100 kwa dakika 15 tu.

Ubao wa kiwandani usitupwe. Ufungwe kwenye nailoni na kuhifadhiwa mahali pakavu, kwa sababu mnunuzi wa baadaye anaweza kuutaka urudishwe, na kwa sababu siku ubao mpya utakapovimba au kupasuka hakutakuwa na ramani nyingine ya kuukatia wa pili.