Kiharusi: Ubongo Unapojifunza Upya

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, 1868, mjini Paris, mwanasayansi Louis Pasteur alihisi ganzi ya ajabu upande wake wa kushoto. Hata hivyo alikwenda kusoma taarifa mbele ya wanasayansi wenzake. Usiku, alipokwisha kupanda kitandani, ulimi ukawa mzito, kisha mkono na mguu wa kushoto vikakataa kutii. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Ugonjwa huo ndio uitwao kiharusi. Watu wengi huudhania kuwa ni ugonjwa wa mkono na mguu, kwa kuwa huko ndiko unakoonekana, lakini makao yake ni katika mishipa ya damu ya ubongo. Ubongo ni kama sehemu moja ya hamsini tu ya uzito wa mwili, bali hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kuiwekea akiba. Mshipa ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka, sehemu inayoutegemea huanza kufa katika dakika chache. Nyuzi za neva zinazoamrisha misuli huvuka upande wa pili zikielekea kwenye uti wa mgongo; kwa hiyo mkono wa kushoto ukipooza, dhara kwa kawaida limo katika nusu ya kulia ya ubongo. Usemi nao, kwa watu wengi, hutawaliwa na nusu ya kushoto, jambo ambalo Paul Broca alikuwa ameanza kulidhihirisha papo hapo Paris mwaka 1861. Basi si ajabu kwamba usemi ulimrudia Pasteur mapema, hali mkono umebaki kama mzigo.

Madaktari walimwekea ruba 16 nyuma ya masikio. Siku hizi, penye vifaa, mgonjwa hupigwa kwanza picha ya ubongo. Ikiwa mshipa umeziba, dawa ya kuyeyusha bonge yaweza kumfaa akifikishwa ndani ya saa nne na nusu; ikiwa umepasuka, dawa hiyo hiyo yaweza kumwua.

Wakati huo maabara mapya ya Pasteur yalikuwa yakijengwa. Mwandishi wa maisha yake, ambaye alikuwa mkwewe, asimulia kwamba wajenzi walisimamishwa kazi, maana wakubwa walikwisha kumhesabu kuwa maiti. Mgonjwa aliliona hilo, akahuzunika, mpaka Mfalme Napoleon wa Tatu alipoagiza ujenzi uendelee. Wiki moja baada ya shambulio alikuwa akimsomea msaidizi wake maelezo juu ya maradhi ya nondo wa hariri, ayaandike. Mwezi Januari 1869 alisafiri kusini kuwachunguza.

Je, nguvu hurudije, ikiwa chembechembe zilizokufa hazifufuki? Kwanza uvimbe unaozunguka kidonda hupungua. Kisha, kwa mazoezi yanayorudiwa mara nyingi mno, sehemu zilizo hai hujenga miungano mipya na kuchukua baadhi ya kazi za zile zilizokufa. Mmarekani Edward Taub aligundua kwamba nyani waliokatwa neva za hisi za mkono mmoja waliacha kuutumia. Mkono mzima ulipofungwa, waliulazimisha ule mwingine kufanya kazi. Njia hiyo baadaye ilitumiwa kwa watu. Jamaa wanaomlisha mgonjwa kila tonge kwa huruma huenda, bila kujua, wanaunyima ubongo wake somo.

Umri ukisogea kuta za mishipa hukakamaa, na shinikizo kubwa la damu huzichakaza kimya kimya, pasipo maumivu yoyote. Lakini uzee peke yake hauelezi kila kitu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 mjini Dar es Salaam.

Pasteur aliishi miaka 27 zaidi, akichechemea. Tarehe 6 Julai, 1885, mtoto Joseph Meister wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alipopewa chanjo ya kwanza, sindano ilidungwa na Daktari Grancher. Pasteur hakuwa tabibu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umekakamaa.