Unataka Taa Bapa ya LED kwa Keja? Anza na Boksi, Si Taa

Ukipita Luthuli ama River Road huwezi kosa kuziona: zile paneli nyembamba za LED, duara ama mraba, zinakaa flati kwa silingi ka sahani. Hazining'inii na hazigongi mtu mrefu kichwa. Hata bedsitter ya kawaida inaanza kukaa ka Airbnb.

Na stima inapungua. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa 5 kila usiku inakula uniti 9 kwa siku 30. Paneli ya wati 12 inakula 1.8, na bado inatoa mwangaza mwingi kuliko hiyo balbu.

Shida ni moja. Watu wananunua taa kwanza, ndio waangalie yenye iko juu baadaye. Taa ndio sehemu rahisi. Kazi yote iko nyuma yake, kwa boksi ndogo imezikwa kwa silingi. Hiyo boksi ndio inaamua kama taa itaingia, kama itaanguka, na kama msee atashuka ngazi akiwa mzima.

Tuelewane mapema: kazi ya waya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Lakini wewe ndiye unalipa, na wewe ndiye utalala chini ya hiyo taa. So lazima ujue kazi safi inakaa aje.

Boksi yako ni gani?

Kwa nyumba nyingi za slabu hapa Kenya, nyuma ya holda kuna boksi ya plastiki ya duara, upana wake karibu milimita 65. Ndani iko na matundu mawili ya skrubu, na kutoka moja hadi lingine ni inchi 2, yaani karibu milimita 51. Hicho ni kipimo cha Waingereza, tulirithi nao.

Sasa ukiingia YouTube unaona msee akipachika taa moja kwa moja kwa boksi, dakika 5 amemaliza. Mob ya hizo video ni za Marekani. Boksi yao ya silingi ni kubwa, inchi 4, na stima yao ni volti 120. Yetu ni volti 240. Kama cousin amekutumia taa kutoka huko, soma lebo. Ikisema 120V peke yake, usiiguze. Unayotaka imeandikwa 220-240V, ama mapana kama 85-265V.

Zinafanana, lakini si moja

Hapa ndipo doh ya wengi huchomeka. Kuna paneli za aina mbili, na kwa shelfu zinakaa mapacha.

Ya kwanza iko na springi mbili kando, zinajikunja ka mikono. Hiyo ni ya silingi ya jipsamu. Inakatiwa shimo, inaingia, springi zinashika. Draiva yake, kale kaboksi kanageuza stima iwe ya kufaa LED, kanakaa juu ya silingi kenye kuna nafasi.

Ya pili inakuja na bamba la chuma la kufunga kwa silingi, na mwili wake ni mnene kiasi kwa sababu draiva iko ndani. Hii ndio ya slabu.

Ukinunua ya springi na keja yako ni simiti tupu, imekula kwako. Draiva haitaingia kwa boksi ya milimita 65, na fundi akiisukuma kwa nguvu, waya zinabanwa na joto halina pa kutokea. Draiva ikipikwa hivyo, taa inakufa kabla ya wakati. Waya iliyochubuka ikigusana na nyingine, hiyo sasa ni story ya moto.

Kabla utoke kwa duka, chukua tepu upime bamba: je, liko na nafasi za skrubu zinazoingiana na zile inchi 2? Mengi yako na mfereji mrefu unaoruhusu vipimo tofauti. Kama halilingani, fundi atatoboa slabu na kuweka plagi za plastiki. Atoboe mbali na njia ya paipu ya waya, maana hiyo paipu inapita ndani ya hiyo hiyo simiti.

Swichi si kuzima

Hii ndio sehemu inaua watu. Ukizima swichi ya ukutani, umezima taa, hujazima boksi. Kwa nyumba nyingi stima inafika kwa boksi ya silingi kwanza, inateremka kwa swichi, halafu inarudi juu. Maana yake taa imezima lakini kuna waya pale juu bado iko moto.

Kinachozimwa ni breka ya taa, kwa ile boksi ya stima ndani ya nyumba. Kama breka zenu ziko chini na mita za ploti nzima, ongea na keateka, na mtu asimame hapo mpaka kazi iishe. Jirani akipata giza, kitu ya kwanza atafanya ni kuenda kurudisha.

Na usidanganyike na tokeni kuisha ama blackout. Stima ikipotea mtaani hujui itarudi saa ngapi, na haitabisha hodi.

Baada ya breka, fundi apime. Testa ijaribiwe kwanza kwa soketi yenye stima, ndio ujue inafanya kazi. Halafu ipime kila waya kwa boksi, kisha irudi kwa soketi tena. Testa iliyokufa inasema "hakuna stima" kwa kila kitu.

Rangi ya waya inaweza kukudanganya

Kwa mtindo wa zamani nyekundu ni waya moto na nyeusi ni nyutro. Kwa mtindo mpya moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Sasa skia hii: zamani buluu ilitumika kwa fezi ya tatu, yaani waya moto kabisa. Jengo likiwa limerekebishwa nusu, unaweza kupata mitindo yote miwili kwa boksi moja. Na waya ya kurudi kutoka kwa swichi? Hiyo inaweza kuwa rangi yoyote fundi alikuwa nayo siku hiyo.

So kabla chochote kifunguliwe, piga picha na simu. Ukiona waya kadhaa zimefungwa pamoja, zinapeleka stima kwa vyumba vingine, ziachwe vile ziko. Taa inachukua vitu viwili: waya ya kurudi kutoka kwa swichi, na nyutro. Ikiungwa kwa waya moto ya moja kwa moja, itawaka mchana na usiku na swichi itabaki pambo.

Ya kijani na manjano ni ethi. Taa yenye mwili wa chuma na alama ya ethi lazima iungwe. Yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji, lakini hiyo waya isikatwe. Ifungwe vizuri ndani ya boksi.

Maungio yote yakae ndani ya konekta, si kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Na bamba ndio libebe uzito wa taa. Waya hazikuumbwa kubeba kitu.

Ikizimwa na bado inang'aa kidogo

Umezima, lakini gizani unaona paneli inatoa kamwanga hafifu. Wengi husema ni taa feki. Wakati mwingine ni swichi yenye kataa kadogo ndani, inapitisha stima kidogo, na LED haihitaji nyingi kuonyesha dalili. Lakini inaweza pia kumaanisha swichi inakata nyutro badala ya waya moto. Hapo boksi iko moto hata swichi ikiwa imezimwa, na anayekuja kubadilisha taa baadaye hatajua. Mwite fundi airekebishe, usiizoee.

Kama unarenti, ambia landilodi kabla holda itolewe, na uiweke kwa kabati. Siku ya kuhama, paneli inashuka na wewe, holda inarudi juu, na deposit yako haina stori.