Namba ya memba: zero moja ikipotea, feza nayo inapotea

Siku ya malipo, mama mmoja wa kooperative ya kahawa kando ya Ziwa Kivu alifika ofisini na bono zake zote mkononi. Alikuwa ameleta kilo 86 za kahawa mbivu kwenye kituo cha kuoshea. Lakini kwenye liste, mbele ya jina lake, hakukuwa na hata kilo moja. Watu wakaanza kunong'ona: “Jeran amekula feza ya mama huyu.”

Tulikuwa pale. Tuliketi na jeran, sekretere na mama mwenyewe, tukafungua buku ya mizani, kisha ordinatere. Hatukukuta mwizi. Tulikuta zero moja iliyopotea.

Ilipoteaje?

Pale kila memba ana namba ya tarakimu tano: mbili za kwanza ni za kijiji, tatu za mwisho ni zake mwenyewe. Namba ya mama ni 03142. Sekretere aliiandika vizuri. Lakini programu za hesabu kama Excel zikiona tarakimu tupu, zinafikiri ni hesabu, na kwenye hesabu zero ya mbele haina kazi. Ikabaki 3142. Liste ilipotumwa kwa intaneti, mashini ilitafuta memba 3142, haikumpata, ikaacha kilo zake nje. Haikuambia mtu.

Tulipoendelea kuangalia, tukakuta makosa mengine: herufi O mahali pa zero, nafasi katikati (03 142), na kistari (03-142). Kwa macho yetu ni namba moja. Kwa mashini ni namba tofauti.

Tufanye nini?

1. Mbele ya kuandika, chagua kolone yote ya namba na uiweke kuwa “maandishi”, si hesabu. Hapo zero itabaki.
2. Andika tarakimu zote tano, bila nafasi wala kistari.
3. Mbele ya kutuma, mmoja asome namba kwa sauti, mwingine afuate kwenye buku.
4. Kisha kutuma, linganisha jumla ya kilo za buku na jumla iliyopokelewa. Zikitofautiana, tafuta siku ileile.
5. Usikisie. 3142 tunaweza kuirudishia zero, kwa sababu namba zote ni za tarakimu tano. Lakini 142 peke yake inaweza kuwa ya memba wa kijiji chochote. Rudi kwenye buku.

Fundi anayetunza programu naye ana kazi yake. Mwombeni ifute nafasi na vistari yenyewe, ionyeshe jina la memba mbele ya kutuma, na ikikataa namba, iseme wazi.

Na wewe memba?

Chunga karti yako na kila bono. Ukipima kahawa, angalia kama namba iliyoandikwa ni yako. Mama huyu alilipwa kilo zake zote 86 kwa sababu hakutupa karatasi hata moja.

Na jeran? Wiki iliyofuata, kwenye mkutano, prezida alieleza kosa mbele ya wote, na walionong'ona wakamwomba msamaha. Zero moja ilikuwa karibu kuvunja kooperative. Fungueni liste yenu leo, muhesabu tarakimu.