Shule Isiyolazimisha Darasa: Waliosoma Hapo Waliishia Wapi?

Hebu vuta picha. Umemlipia mwanao ada ya nguvu, anarudi likizo, mnakula, halafu anakwambia bila hata kupepesa: "Mama, muhula huu sijaingia darasani hata siku moja." Na walimu wanajua! Wengi wetu kesho yake asubuhi tungekuwa kwenye basi la kwanza kwenda kumhamisha.

Basi shule hiyo ipo, wala si ya jana. Inaitwa Summerhill, iko Leiston, mji mdogo wa Suffolk huko Uingereza. Aliyeianzisha mwaka 1921 ni A. S. Neill, Mskoti aliyelelewa na baba mwalimu wa kijijini, tena mkali. Kuingia kipindini ni hiari. Msidhani hakuna sheria, zipo kibao, ila zinapigiwa kura mkutanoni, na kura ya mtoto mdogo ina uzito uleule wa kura ya mkuu wa shule. Ni shule ya binafsi, ya bweni, na kwa kawaida wanafunzi wote hawafiki hata mia.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe: watoto wa namna hiyo wakikua wanakuwa nani? Wahuni?

Neill alikuwa akisema yeye anaona heri shule itoe mfagia barabara mwenye furaha kuliko msomi aliyevurugikiwa akili. Maneno matamu sana, mradi huyo mfagiaji asiwe mwanao.

Lakini msikilize alichosimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1960. Alikuwepo kijana anayemwita Tom, aliyefika shuleni na miaka 5 akaondoka na 17 bila kuhudhuria kipindi hata kimoja. Muda wake mwingi aliumalizia karakana, akiunda vitu. Siku moja, Tom akiwa na miaka 9, Neill akamkuta kitandani anasoma riwaya nene ya Charles Dickens. Alijifundisha mwenyewe! Baadaye akapata kazi ya chini kabisa kwenye studio ya filamu, upande wa kamera, na bosi wake akawa analalamika kwamba kijana huyu hata wikiendi hataki kukaa nyumbani.

Wapo pia waliovuma. Kama uliangalia The Hand That Rocks the Cradle ya mwaka 1992, ile ya yaya anayetaka kumpora mama mwenye nyumba familia yake, basi yaya yule ni Rebecca De Mornay, amepita Summerhill. Fulana yenye pembetatu inayotawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua? Ni jalada la albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, kazi ya Hipgnosis, na mmoja wa waanzilishi wa Hipgnosis, Storm Thorgerson, alisoma hapo. Gus Dudgeon, prodyuza wa Elton John, naye yumo.

Mimi binafsi ninayempenda zaidi ni John Burningham. Alikataa kwenda jeshini, akasomea sanaa London, na mwaka 1963 akatoa kitabu chake cha kwanza cha watoto, Borka. Ni kisa cha bata bukini aliyezaliwa bila manyoya, akaachwa na wenzake walipohama. Kilishinda tuzo ya Kate Greenaway, na akaja kuipata tena kwa kitabu cha mwaka 1970.

Ila tusidanganyane. Mikey Cuddihy, yatima aliyeletwa Summerhill kutoka Marekani mwaka 1962, amekuwa msanii, na kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2014 si cha kusifia tu. Naye mtafiti Emmanuel Bernstein, aliyewatembelea wanafunzi 50 wa zamani miaka ya sitini, aliwakuta wengi wakiishukuru shule, lakini lalamiko lililojirudia lilikuwa lilelile ambalo wewe mzazi ungelitaja: masomo hayakupewa uzito. Mtoto mwenye kiu ya hesabu apate wapi msukumo kama mwalimu mwenyewe hana hamasa? Hapo kwa kweli Neill alipuuzia.

Mwingine aliyesoma hapo ni binti yake, Zoë Readhead, aliyeshika uongozi mwaka 1985. Ndiye aliyekumbana na balaa kubwa: mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliijia juu shule, wakitaka mambo ya hiari yaishe, la sivyo ingefungwa. Kesi ikasikilizwa London Machi 2000. Katikati ya kesi mawakili wa serikali wakaleta mapatano. Zoë hakusaini peke yake. Wanafunzi waliokuwepo wakaomba chumba kilekile cha mahakama, wakaketi, wakafungua mkutano wao wa shule kama kawaida, wakajadili kipengele kwa kipengele, kisha wakanyoosha mikono. Waliyakubali, na vipindi vikabaki hiari.