Pistoni Ikikamata, Nani Alipe?

Ndugu wafanyakazi, safari hii sitaandika juu ya michango wala uchaguzi wa wajumbe. Nitaandika juu ya pistoni. Wenzetu wengi hufanya kazi na injini za mipigo miwili: wapanda pikipiki wa mashambani, wakata miti wenye misumeno ya injini, wale wanaobeba pampu za dawa mgongoni, na wavuvi wenye mashine za mitumbwi. Injini hizo zikifa, bili huletwa kwa mfanyakazi. Basi yafaa tujue zinakufaje.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alikuwa tarishi wa kampuni yenye mashamba milimani. Alipewa Yamaha AG100, pikipiki ambayo wengi mnaijua: imetengenezwa kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1970, mnyororo wake umefungwa ndani ya kasha, injini ni ya sentimita za ujazo 97, na oili ina tangi lake peke yake. Pikipiki ile ilikuwa imechoka. Ikapelekwa kwa fundi mmoja wa Gasenyi, hapa Bujumbura. Silinda ikachongwa, ikatiwa pistoni mpya ya saizi ya juu pamoja na ringi zake. Fundi aliikabidhi saa nne asubuhi, akasema isipewe kazi nzito kabla ya kufanyiwa rodaji. Saa nne na nusu msimamizi akamwamuru tarishi apande milimani na bahasha, arudi siku ile ile.

Barabara ya Bugarama mnaifahamu. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Bugarama imepita mita 2,000. Kupanda kote huko ni kwa gia ndogo, mkono wa mafuta umefunguliwa, jua la mchana, injini haina hata saa moja tangu ifungwe. Kabla hajafika juu, gurudumu la nyuma likashika ghafla. Mwenzetu akaanguka, akachubuka kiwiko. Mungu alisaidia, lori la nyuma lilikuwa mbali. Mwisho wa mwezi akakuta amekatwa mshahara. Karani alimwambia ni makato ya miezi mitatu, kwa sababu ya uzembe: hakutia oili.

Mimi si fundi. Nilikwenda Gasenyi nikakaa juu ya debe, fundi akanieleza mpaka nikaelewa. Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ni ya chuma cha kalibu. Vikipata moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nafasi iliyo kati yao ni sehemu chache tu za mia za milimita, na injini iliyochongwa upya ina nafasi ndogo kuliko iliyokwisha kutembea. Pistoni ikipata moto mwingi upesi, hutanuka kabla silinda haijaifuata. Nafasi inakwisha, na pistoni inakamata.

Tena ukuta wa silinda mpya si laini kama unavyoonekana. Baada ya kuchongwa husuguliwa kwa jiwe ili ubaki na mistari midogo inayopishana. Ringi ndizo zinazolainisha vilele vya mistari hiyo mpaka zikae sawasawa na ukuta. Kazi hiyo ndiyo rodaji. Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili: wanaiacha injini ingurume taratibu kutwa nzima wakidhani wanaihurumia. Ringi husukumwa ukutani na nguvu ya gesi inayowaka. Pasipo mzigo hazisukumwi, ukuta unang'aa kama kioo, na injini haipati nguvu yake. Kwa hiyo haitaki kupigwa, na haitaki kubembelezwa mno.

Wako watu ambao kazi yao ni mwendo tu, wale wa vigari vidogo vya mashindano viitwavyo karti. Cha kwanza kilitengenezwa na Art Ingels huko California mwaka 1956, kwa injini ndogo ya mipigo miwili. Yamaha wenyewe wana injini ya karti, KT100, ambayo ukubwa wake ni karibu sawa na wa AG100. Basi hata watu hao, injini ikitoka kufungwa upya, hawaipeleki moja kwa moja mashindanoni. Huiwasha ipate moto, huizima ipoe, kisha huizungusha uwanjani kwa nusu ya nguvu, wakiongeza kidogo kidogo. Mwenye kushindania kikombe anaipa injini muda wake. Mbeba bahasha anyimwe kwa nini?

Neno hilo nililisema kikaoni mbele ya wakubwa. Lakini halikuwa neno lililotusaidia zaidi. Kilichotusaidia ni pistoni yenyewe, maana fundi hakuitupa. Injini ikikosa oili, pistoni huchubuka eneo kubwa la mwili wake. Ile ilikuwa na alama nne tu, mbele na nyuma, kandokando ya mahali pini inapopita. Hiyo ni alama ya injini iliyopata moto upesi ikiwa bado imebana. Na tangi la oili lilikuwa na oili mpaka zaidi ya nusu. Daftari la karakana lilionyesha saa ya kutoka, na daftari la safari likaonyesha saa ya amri. Tuliwakumbusha pia Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1949, usemao kwamba mshahara ukatwe kwa masharti ya sheria, ya mapatano ya pamoja au ya uamuzi wa usuluhishi tu. Hasira ya msimamizi haimo. Makato ya miezi miwili iliyobaki yakafutwa. Ya mwezi wa kwanza hayakurudishwa mpaka leo, na sitawaficha.

Sasa ukipewa injini iliyofungwa upya, fanya hivi. Iwashe dakika chache mpaka mapezi ya silinda yapate moto, izime, iache ipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu, kisha nati za kichwa zikazwe tena ikiwa baridi. Barabarani badilisha mwendo, usikae na kasi moja, usipande mlima mrefu siku ya kwanza. Pikipiki huhesabiwa kilomita 1,000 za kwanza, kwa hatua. Mashine nyingi za Yamaha za ziwani, zile za kuchanganya oili na petroli, huhesabiwa saa 10: lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, baadaye lita 1 kwa 50.

Kwa wenzetu wa Teza kuna jambo zaidi. Mkishuka, mkono wa mafuta ukiwa umefungwa na magurudumu yakiizungusha injini kwa kasi, oili inayoingia ni kidogo sana. Fungueni mafuta kidogo kila mara, au mshike klachi mkitumia breki. Tena kabureta iliyopangwa kwa hewa nyepesi ya mlimani, ikifika ziwani huipa injini petroli pungufu, na injini hupata moto kupita kiasi. Fundi aiangalie kabla hamjaitumia huku chini.

Wajumbe, kila mashine ikitoka karakana iandikwe daftarini: tarehe, saa, kilichobadilishwa, muda wa rodaji, na jina la aliyeamuru itoke. Mfanyakazi atie sahihi akiisha kusoma, na abaki na nakala.

Pistoni ile iko ofisini kwetu, ndani ya kopo la maziwa. Mjumbe anayetaka kuwaonyesha wenzake aje aichukue, ila airudishe.