Mbege na Kata: Kwa Nini Pombe ya Uchagani Haizibwi

Wageni wafikao Uchagani, katika miteremko ya Kilimanjaro, hutuuliza mara nyingi: mbona mbege huachwa katika chombo kilicho wazi na kuchotwa kwa kata, wala haitiwi katika pipa lililozibwa na kutolewa kwa bomba, kama bia ya Ulaya? Wengine hudhani kwamba sababu ni ukosefu wa vyombo. Sivyo. Desturi hii yatokana na tabia ya pombe yenyewe.

Kwanza yafaa kueleza upishi wake. Ndizi mbivu huchemshwa, kisha huachwa siku kadhaa zichache, ndipo maji yake huchujwa. Kando yake ulezi hulowekwa hata uchipuke, hukaushwa na kusagwa. Ulezi huo ndio kimea, neno litokalo katika kitenzi kumea. Unga wake hupikwa uji, na uji ukipoa huchanganywa na maji yale ya ndizi. Gome la mti uitwao msesewe hutia uchungu. Mchanganyiko huo hulala usiku mmoja, na kesho yake hunywewa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Bia ya Ulaya itiwayo katika pipa imekwisha kuchacha na kutulia. Hewa yake hupimwa kwa mtambo, na baridi huisaidia kukaa ndani ya kinywaji. Huko Marekani watu wapikao bia nyumbani hutumia mitungi ya chuma ya lita 19 hivi, ambayo zamani ilikuwa ya maji matamu ya soda. Nao pia hungoja bia ikome kuchacha kabla ya kuifunga. Lakini mbege hunywewa ingali ikichacha. Chachu yaendelea kula sukari na kutoa hewa, saa baada ya saa, na hewa hiyo ikikosa njia hujitafutia njia. Wasomaji wa Injili wanaukumbuka mfano wa divai mpya na viriba vikuukuu. Maana yake kwetu si fumbo. Sisi wenyewe tuliwahi kuona dumu la mbege lililokazwa kifuniko likipasuka safarini, na nguo za arusi zilizokuwa kando yake zikaharibika zote. Wenye kujua hulegeza kifuniko, tena hawalijazi dumu hata shingoni.

Sababu ya pili ni ulezi. Chengachenga zake huzama chini. Pipa lingewekwa bomba chini, bomba lingeziba. Lingewekwa juu, wa kwanza wangepata maji matupu na wa mwisho machicha. Kwa hiyo mchotaji hukoroga kabla ya kuchota, apate kumgawia kila mtu sawasawa. Asiyekoroga huhesabiwa kuwa mwenye upendeleo, na neno hilo si dogo mbele ya wazee.

Sababu ya tatu ni uaminifu. Mwenye nyumba huonja kwanza machoni pa wageni, ndipo huwapa. Chombo kikiwa wazi, kila mtu aona kilichomo na jinsi kinavyogawiwa. Hii ndiyo sababu mbege haikosekani katika mambo ya posa na ya kupatanisha waliokosana. Jani la isale huomba msamaha, na pombe inywewayo pamoja huonyesha kwamba msamaha umepokewa. Mtu akikataa kata, watu huelewa kwamba moyo wake haujatulia.

Lugha nayo yashuhudia. Neno pipa tulilipata kwa Wareno, na siku hizi mapipa ya plastiki yameingia mahali pa vyungu na vyombo vya mti. Lakini kitenzi hakikubadilika: hata penye pipa, mbege huchotwa. Twasema kufungua bomba, nasi hatuhitaji mtu mwingine. Lakini kata yataka mkono wa kuchota na mkono wa kupokea.

Hatuandiki haya ili kusifu ulevi, ambao umevunja nyumba nyingi. Twaandika ili vijana wetu, waonapo mapipa yenye bomba mijini, wasidhani kwamba wazee wao walikosa akili ya kuziba chombo. Walijua kuziba, tena walijua kitu gani hakizibwi.